Suruali yangu ilifumuka mbele ya wenzangu. Niache kushona?

Kwako Mwalimu,

Habari za kazi. Mimi ni msichana wa miaka 17, kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapa Kisumu, na tunaishi Manyatta. Ninavyovipenda kuliko vyote ni viwili: muziki na nguo. Muziki wenyewe si wa aina moja. Napenda Afrobeats, napenda Arbantone ya vijana wa Nairobi, na nawapenda BLACKPINK wa Korea kwa sababu wako wanne na kila mmoja huvaa tofauti kidogo na mwenzake, lakini ukiwaangalia unajua wametoka nyumba moja. Video mpya ikitoka, mara ya kwanza huwa hata wimbo siusikii. Naangalia bega limeshonwaje, suruali imeanzia wapi kiunoni, mfuko umekaa wapi. Mara ya pili ndipo nasikiliza.

Nguo kama hizo siwezi kununua, kwa hivyo nazishona. Dani, nyanya yangu mzaa baba, alituachia cherehani yake ya kukanyaga aliporudi nyumbani Seme. Yeye ndiye aliyenifundisha kutunga uzi, kujaza bobini na kushona mstari ulionyooka. Jumapili tukitoka kanisani naenda soko la mitumba la Kibuye. Kwenye kamera, zile nguo bora za kuchaguliwa kwanza, sifiki, bei yake siiwezi. Nangoja jioni wauzaji wakianza kufunga, napekua fagia, yaani masalio ya bei ya chini, kwenye turubali. Shati kubwa la mwanamume kwa shilingi 50, pazia kuukuu kwa 100, jinzi iliyochanika goti kwa 80. Nimeshona sketi ya pazia, nimeshona blauzi ya mashati mawili, na nimeshona suruali pana ya jinzi mbili: mguu mmoja mweusi, mwingine wa buluu. Ile nyeusi inavutika kidogo, ya buluu ni nzito na ngumu. Nilikuwa naionea fahari sana hiyo suruali.

Mwisho wa muhula shuleni kwetu kutakuwa na siku ya vipaji, na sisi wasichana wanne tumejiandikisha kuimba na kucheza. Wenzangu wamepata duka la Instagram lenye nguo zinazokaribia za video tunayoiiga: suruali ya mifuko mingi, fulana na kikoti kifupi, shilingi 3,500 kwa kila mmoja. Niliwaambia nitazishona zote nne, na hakuna atakayetoa zaidi ya 1,000. Walicheka. Mmoja alisema tutaonekana kama kwaya iliyokosa mfadhili. Mwingine akawakumbusha vile suruali yangu ya rangi mbili ilivyofumuka nyuma nilipochuchumaa kwenye mazoezi. Ni kweli, ilifumuka kuanzia chini hadi karibu na mshipi. Nilifunga sweta kiunoni nikatembea kwa miguu hadi nyumbani. Tangu siku hiyo wananiita Fundi, na wakiniita wanatazamana.

Mama huuza omena soko la Jubilee. Cherehani hajanikataza, lakini siku niliyovaa ile blauzi ya mashati mawili kwenda kanisani alinirudisha mlangoni nikabadilishe. Alisema, "Watu watasema nimeshindwa kukuvisha." Mama ni mtu wa furaha. Jumapili jioni akipika huimba nyimbo zote za Dolly Parton na Kenny Rogers, maneno anayajua kuliko mimi ninavyojua ya wasanii wangu. Lakini akiniona nimekata nguo vipande, uso wake unabadilika. Sasa amesikia habari ya siku ya vipaji na ameniambia atatoa hizo 3,500 kwenye akiba yake ya chama, mradi nisionekane tofauti na wenzangu.

Halafu kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Fasheni inanipita mbio. Nikimaliza kushona kitu, TikTok imeshahamia kingine. Nikikaa peke yangu najiuliza: nazipenda nguo hizi kweli, au nawapenda wanaozivaa? Mtu akishona alichokiona kwa wasanii, hicho ni chake?

Nizichukue pesa za mama? Niache kushona?

Ni mimi,
Mshonaji wa Manyatta

*

Mwanangu,

Pesa za mama usizichukue. Mshukuru kwa moyo wote, kwa sababu alichokupa hapo ni kikubwa kuliko suruali, kisha mwombe aziache zilipo. Akiba ya chama ya mama anayeuza omena ina kazi yake: karo, kodi ya nyumba, siku mtu akiugua usiku. Siku ya vipaji ni alasiri moja. Na wewe una cherehani, una mikono, na kutokana na barua yako naona una jicho ambalo watu wengi wa umri wako hawana. Mtu anayetazama video mara ya kwanza kwa ajili ya mshono wa bega, huyo haachi kushona kwa sababu ya kicheko.

Tuanze na suruali, maana hapo ndipo walipokushinda, na hapo panarekebishika.

Umeniambia mguu mmoja ulikuwa wa jinzi inayovutika na mwingine wa jinzi ngumu. Miguu hiyo inakutana wapi? Nyuma na katikati, pale pale ilipofumuka. Ulipochuchumaa, upande mweusi ulikubali kunyooka, wa buluu ukakataa, na uzi uliokuwa katikati ukabeba mzigo wote peke yake. Pengine uzi wenyewe ulikuwa wa zamani, na pengine mishono ilikuwa mirefu. Ukiunganisha vitambaa viwili vya tabia tofauti, viunganishe mahali pasipovutwa: kwenye mfuko, kwenye pindo, chini ya goti. Mshono wa katikati ya suruali uwe wa kitambaa kimoja pande zote mbili. Tumia uzi mpya wa poliesta na sindano namba 16, ambayo ndiyo ya jinzi, ufupishe mishono hadi kama 10 kwa inchi, halafu sehemu ile iliyopinda uishone mara mbili, mstari wa pili ukikaribia wa kwanza upande wa ukingo. Jinzi ya kiwandani hushonwa mara mbili au tatu mahali hapo, na sababu ni hiyo hiyo.

Kuna sababu nyingine ambayo washonaji wengi wachanga huisahau. Suruali inapimwa mtu akiwa amesimama, kisha inavaliwa na mtu anayeketi. Kabla ya kukata, kaa kwenye kiti kigumu, pima ubavuni kutoka kiunoni hadi kwenye kiti, uongeze sentimita 2 au 3. Hicho ndicho kina cha kiti cha suruali. Kikiwa kifupi, hata uzi wa kamba hautakusaidia. Na nguo ya kuchezea isitoke kwenye cherehani kwenda moja kwa moja mbele ya watu. Ivae chumbani, chuchumaa, inua goti hadi kifuani, nyoosha mikono juu, rudia densi yote mara mbili. Ikifumuka, ifumuke hapo.

Sasa hiyo "kwaya iliyokosa mfadhili". Maneno hayo yaliuma, lakini yasikilize kwa sikio la fundi. Nimefundisha Sayansi Kimu kwa miaka mingi na nimeona nguo nyingi za wanafunzi. Kinachomfanya mtu aiangalie nguo na kusema "hii imeshonwa nyumbani" kwa sauti ya dharau, mara nyingi ni mambo mawili tu: nyuzi zinazoning'inia ndani, na mishono ambayo haikupigwa pasi. Huna mashine ya kufunga kingo, najua. Kwa kitambaa chepesi kama cha shati, shona kwanza pande za ndani zikiwa zimekutana, karibu sana na ukingo, punguza nyuzi, geuza, kisha shona tena upande wa pili ili ukingo wote ujifiche ndani ya mshono. Kwa jinzi, kata ukingo mmoja uwe mfupi, kunja ule mrefu uufunike, ushone juu yake. Uangalie mshono wa ndani ya mguu wa jinzi; nyingi utazikuta zimefanywa hivyo. Na kila mshono upigwe pasi kabla haujavukwa na mwingine. Pasi ya makaa inatosha kabisa. Ukifanya haya mawili kwa uvumilivu, nguo yako ya shilingi 50 itakaa vizuri kuliko nyingi za Instagram, ambazo mara nyingi zimekatwa haraka na ukingo wake unafumuka ukifua mara ya tatu.

Unapochagua mtumba, inua nguo uitazame dhidi ya mwanga. Palipochakaa pataonekana. Pazia livute kwa nguvu kidogo kwenye mikunjo yake, kwa sababu jua la dirishani hula nyuzi hata kama rangi bado nzuri. Kila kitu kifuliwe na kikauke kabla ya kukata, la sivyo kitaruka na kuwa kifupi baada ya kushonwa.

Sasa wenzako wanaoamini kwamba nguo ya msanii lazima itoke dukani. Destiny's Child, kundi la wasichana la Beyoncé huko Marekani, walipoanza kujulikana mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni kubwa za mitindo hazikutaka kuwavisha. Aliyewavisha alikuwa Tina Knowles, mama yake Beyoncé, aliyekuwa na saluni ya nywele huko Houston. Alibuni na kuwashonea nguo za jukwaani. Mwaka 2016, Beyoncé alipopewa tuzo na Baraza la Wabunifu wa Mitindo la Marekani, alilisema jambo hilo mbele ya wabunifu wenyewe. Akasema pia kwamba nyanya yake alikuwa mshonaji, na kwamba babu na nyanya yake walipokosa karo ya shule ya Kikatoliki, nyanya aliwashonea mapadri na watawa na akashona sare za wanafunzi ili binti yake asome. Nakuomba uisome habari hiyo kama mtoto wa Manyatta aliyeachiwa cherehani na dani yake. Ukiona msanii mkubwa kwenye video leo, nguo aliyovaa mara nyingi imekatwa au imepunguzwa kwa ajili ya mwili wake mmoja. Kuna fundi nyuma yake ambaye kamera haimwonyeshi. Wenzako wanataka kununua nakala ya dukani ya kitu ambacho asili yake ni kazi ya mkono.

Swali lako la mwisho, lile ambalo hujamwambia mtu, ndilo nililolisoma mara nyingi zaidi. Unauliza kama ulichokiiga ni chako. Angalia muziki unaoupenda. Arbantone imejengwa juu ya midundo ya zamani: vijana wa Nairobi wamechukua muziki wa genge uliovuma mwanzoni mwa miaka ya 2000 na dancehall ya Jamaika, wakaweka maneno yao, mwendo wao, na mambo ya mtaa wao. Hakuna anayewaambia wameiba utoto wa wazazi wao. Kilichoufanya muziki huo uwe wao ni kile walichokiongeza. Na BLACKPINK wako, katika video moja ya mwaka 2020, walivaa hanbok, vazi la jadi la Korea, lakini likiwa limefupishwa na kukatwa upya kwa ajili ya jukwaa. Wasichana wa nchi nyingine ambao hawakuwahi kulisikia vazi hilo walianza kulitafuta. Muziki wa pop ulikuwa wa dunia nzima, lakini nguo ilitoka nyumbani kwao.

Kwa hivyo iga bila hofu, kwa sababu jicho hujifunza kwa kuiga, lakini usiige nguo nzima. Chukua kitu kimoja kutoka kwa video, upana wa mguu kwa mfano, na mengine yote yatoke kwako: kitambaa ulichokipata Kibuye, rangi inayokupendeza, mfuko uliopo mahali mkono wako unapofika. Weka daftari. Ukiona kitu kizuri kwenye simu, kichore, andika tarehe, na usikate kitambaa mpaka wiki tatu zipite. Kama bado unakitaka, kishone. Utashangaa ni michoro mingapi itakuwa imekufa yenyewe kwenye karatasi, na ile itakayobaki hai itakuambia unapenda nini hasa. Mbio za TikTok hutazishinda kwa cherehani ya kukanyaga, na hakuna sababu ya kuzikimbia. Suruali pana unazoziona leo vijana walizivaa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwombe mama akuonyeshe picha zake za ujana. Naamini utapata humo kitu cha kuchora.

Na sasa mama.

Mama yako hakurudisha blauzi mlangoni kwa sababu hapendi kazi yako. Fikiria alikulia wakati gani. Kisumu ilikuwa na kiwanda chake cha nguo, KICOMI, na pamba ikilimwa Nyanza na Busia. Nguo ya Krismasi ilikuwa kitambaa kipya, kilichonunuliwa kwa yadi, kikapelekwa kwa fundi wa barazani, mtoto akapimwa na kungoja kwa hamu. Miaka ya 1990 mitumba ilifunguliwa mlango, viwanda vikafungwa, KICOMI kikiwamo, na kizazi chake kikabaki kati ya nguo mpya isiyonunulika na nguo ya mtu mwingine. Kiraka siku hizo kilikuwa tangazo. Kilisema nyumba ile mambo si mazuri. Wewe ukikata mashati mawili ukayaunganisha unaona mtindo. Yeye anaona kiraka, na anawasikia akina mama wa kanisani wakinong'ona. Huo ni uchungu wa kweli, na hauondolewi kwa kumwambia kwamba siku hizi mambo yamebadilika.

Kanisani vaa anavyotaka yeye. Ni nyumba yake, na ni jina lake linalotajwa.

Lakini kuna jambo moja analolijua tayari, kwa sababu umesema anaimba nyimbo zote za Dolly Parton. Dolly alizaliwa mwaka 1946 huko Tennessee, katika familia ya watoto 12. Mwaka 1971 alitoa wimbo unaosimulia koti la utotoni mwake: mama yake alilishona kwa vipande vya nguo kwa sababu hawakuwa na pesa, na alipolivaa kwenda shule watoto walimcheka. Wimbo mzima ni fahari ya mtoto kwa mama yake na kwa koti hilo. Mama yako ameuimba jikoni pengine mara nyingi kuliko unavyojua. Jumapili ijayo kaa naye wakati anapika. Mwombe auimbe huo, kisha mwulize yeye alivaa nini akiwa mtoto, nani alimshonea, na kama alichekwa. Usimfundishe kitu. Sikiliza tu, hata kama jibu litakuwa refu au litakuwa kimya.

Baada ya hapo mshonee kitu yeye, na kisiwe cha vipande. Nunua kitenge kipya. Wachuuzi wengine hukuuzia yadi 2 au 3 badala ya 6 zote. Mkatie aproni ya sokoni, ndefu kiasi cha kufunika gauni, yenye mfuko mkubwa wa sarafu na mfuko mdogo wa ndani wenye zipu kwa noti na simu. Kila mshono uufiche, kila kona uipige pasi. Mama anayeuza omena anahitaji aproni kila siku, na ataivaa kazini, ambako akina mama wengine wanahitaji aproni pia. Wakimwuliza ameitoa wapi, atajibu mwenyewe. Hapo akikuona kwenye cherehani atakuwa na jambo jingine la kufikiria, na usishangae akikuletea agizo la kwanza. Ukianza kupokea maagizo, shona wikendi na likizo tu. Wewe ni mtahiniwa wa mwaka ujao.

Kuhusu masomo nitasema machache. Kama shule yenu ina Sayansi Kimu na wewe unaisoma, karatasi yake ya pili katika mtihani wa kidato cha nne, KCSE, ni ushonaji: unapewa patani, yaani kiolezo cha kukatia, na kitambaa, unakata na kushona mbele ya msimamizi. Kama huisomi, njia haijafungwa. Kisumu National Polytechnic iko hapo mjini, na vyuo vya ufundi hupokea wanafunzi wa ubunifu wa mavazi katika ngazi mbalimbali. Stashahada huanzia alama ya C- katika KCSE, cheti D. Ukipata C+ na zaidi, Kenyatta University ina shahada ya mitindo. Kwa hivyo Hisabati usiidharau. Kukata patani ni hesabu.

Turudi kwa wenzako. Usibishane nao tena kwa maneno. Ulipowaambia utashona zote nne, uliwaomba waamini kitu wasichokiona, tena siku chache baada ya suruali kufumuka. Shona moja, yako, ikamilike kabisa, uivae mazoezini na uchuchumae mbele yao.

Na mchoro wake unaweza kuwa huu, uubadilishe upendavyo. Mmesema mnataka suruali za mifuko mingi. Tafuta suruali za kazi za wanaume pale Kibuye, zile za kitambaa kizito cha pamba. Zinapatikana kwa bei ya chini kwa sababu saizi zake ni kubwa mno kwa wengi, na kubwa ndiyo unayoitaka. Rangi zisilingane: ya kaki, nyeusi, kijani kibichi, kijivu. Zipunguze kiunoni, uache mguu upana wake. Kisha mifuko yote ya pembeni uikate kwenye kile kitenge kilichobaki kwa aproni ya mama, kitenge kimoja kwa suruali zote nne. Kila mmoja atakuwa na rangi yake na mwili wake, na bado mtaonekana mmetoka nyumba moja, kama ulivyowasifu wale wa Korea. Fulana nyeupe kila mtu anayo. Kikoti kifupi unaweza kukipata kwa kukata shati la jinzi chini ya mbavu na kutia mkanda kwenye pindo. Hakikisha tu mwalimu wenu anayesimamia siku hiyo ameukubali urefu wake kabla hujatumia mkasi.

Inawezekana baadhi yao watakataa hata baada ya kuiona. Basi wanunue zao, na wewe uvae yako. Kusimama nao jukwaani hivyo haitakuwa kosa, ilimradi mkubaliane rangi za juu. Usilie kwa hilo na usiache kundi kwa hilo. Sauti zenu nne ndizo zilizoandikishwa.

Wakikubali, usishone bure, hata kwa rafiki. Kila mmoja atoe pesa za kitambaa, uzi na zipu kabla hujakata, na kidogo cha kazi yako, na tarehe ya mwisho ya kujaribisha iwe wiki mbili kabla ya siku yenyewe ili upate muda wa kurekebisha. Vipimo uchukue wewe mwenyewe kwa futi, mtu akiwa amevua sweta, amesimama wima, kisha ameketi. Usikubali kupewa vipimo kwa ujumbe wa simu.

Ni mimi Mwalimu wako